Mhusika Mkuu wa Daraja la Kindi

Nchi inayosimuliwa hapa haipo. Mwenye ramani na aichukue aitafute, akichoka airudishe mahali pake na aendelee kusoma. Haikuwa hata na jina, kwa sababu Kamati ya Jina, iliyoundwa siku ya uhuru, ilikuwa bado kwenye semina. Wenyeji waliiita "hapa", wageni wakaiita "huko", na mambo yakaenda.

Ilitawaliwa na Mtukufu Mlezi, mtu mwenye upendo mwingi na magereza ya kutosha. Chini yake palikuwa na wizara nyingi, na iliyopendwa kuliko zote ilikuwa Wizara ya Shukrani. Kazi yake ilikuwa kuishukuru serikali kwa niaba ya wananchi, maana wananchi wenyewe walikuwa na shughuli. Mvua ikinyesha, ilitoka Shukrani ya mvua. Isiponyesha, ilitoka Shukrani ya barabara kukosa matope.

Shukrani ilikuwa na heshima zake. Ikianza kusomwa, redioni au na mtu yeyote, kila aliyeisikia alisimama wima, mikono ubavuni, na kila jina likitajwa aliitikia "Ahsante!" Kuikatiza kabla ya neno la mwisho lilikuwa kosa kubwa kuliko kuiba ng'ombe. Askari anayemkimbiza mwizi alisimama, na mwizi naye akasimama hatua chache mbele yake, wakaitikia pamoja kwa sauti nzuri, kisha wakaendelea kukimbia.

Aliyeziandika Shukrani hizo ni Mwinjuma Tungaraza, mtu mpole, mwembamba, mwenye kiti cha kuzunguka na tumbo lisilotulia. Cheo chake kilikuwa Mwandishi Mkuu wa Shukrani. Kalamu yake ilikuwa nyepesi, na yeye mwenyewe alijua kwamba wepesi huo ndio uliokuwa ukimla.

Kazi iliyompa sifa nchi nzima ni Shukrani ya Daraja la Kindi. Kila mkubwa alitaka atajwe humo, tena atajwe pamoja na alichokifanya. Mkurugenzi wa Saruji alikuja ofisini mwenyewe, akasimama mlangoni mpaka alipoona sentensi yake. Mkandarasi, shemeji yake Waziri wa Madaraja, alitaka ifahamike wazi kuwa wazo la kupunguza nguzo lilikuwa lake, si la mhandisi. Mwinjuma akawaandika wote, kila mmoja na mchango wake. Mlezi akaisoma, akacheka kwa furaha, akaigonga muhuri wake wa dhahabu, na ikaamriwa ifundishwe shuleni. Watoto waliikariri kabla hawajajua kuandika majina yao.

Daraja lilianguka siku ya kuzinduliwa, utepe ukiwa bado haujakatwa. Wakubwa walikuwa wamekaa kivulini, ng'ambo ya huku. Waliokuwa katikati ya daraja ni watoto wa shule ya msingi, bendi ya tarumbeta, waliotangulia kulijaribu.

Jioni ileile Mwinjuma aliitwa. Akaambiwa Shukrani haiwezi kufutwa wala kuguswa, maana imekwisha gongwa muhuri. Kinachowezekana ni kuongeza sentensi moja mwishoni. Akaongeza: "Na tunashukuru kwamba daraja limeanguka mchana, watu wakiona vizuri." Akarudi nyumbani, akatapika, akanawa, akala. Kisha akavuta kiti akaanza kuandika riwaya.

*

Riwaya hiyo aliiita "Rangi ya Juu", na badala ya jina lake akaweka "Fundi wa Mtaani". Ofisi ya Ukaguzi wa Vitabu ilitazama jalada, ikaona ni habari za kupaka rangi nyumba, ikaipitisha pamoja na kitabu cha kupiga lipu.

Ndani yake kulikuwa na mchoraji aitwaye Salimini, aliyeitwa na mfalme wake amchore. Mfalme alikuwa na chunjua kubwa puani, na amri ilikuwa chunjua isionekane. Salimini alikuwa akilea wapwa zake wawili, yatima. Basi alimchora mfalme kama alivyo, chunjua na vinyweleo vyake, halafu akapaka juu ya pua rangi hafifu ya kupendeza, ya aina ambayo baada ya miaka hubanduka yenyewe. Picha ikatundikwa. Mchoraji akasifiwa, akapewa nyumba, akakaa kusubiri. Hapo riwaya inaishia.

(Mtukufu Mlezi hakuwa na chunjua. Lakini kusema kwamba hana lilikuwa kosa, kwa kuwa kulidokeza kuwa kuna mtu aliyewahi kuitafuta.)

Sasa, wakati kitabu kikizunguka mitaani mkono kwa mkono, serikali ilikuwa na shida ya aina nyingine. Kwa miaka mingi, kila jambo lilipoharibika, redio ilitangaza kwamba wahusika watachukuliwa hatua kali. Dawa zikipotea hospitalini, wahusika watachukuliwa hatua. Ghala likiungua, wahusika. Daraja la Kindi lilipoanguka, wahusika walitishiwa mara nyingi zaidi kuliko wakati wowote. Mpaka siku moja Mlezi akapiga meza.

"Wahusika, wahusika, kila siku wahusika! Mbona sijawahi kuletewa hata mmoja nikamwona sura? Jumamosi jua halijazama, nataka mhusika mkuu wa daraja. Nitamnyonga, na bendi ipigwe."

"Bendi haipo tena, Mtukufu," akanong'ona mtu.

"Itafutwe nyingine."

Jeshi la polisi likahangaika. Kuwagusa wakubwa halikuweza hata kuwaza, na wadogo wote walikuwa wamekufa. Ndipo mpelelezi mmoja, akipita nje ya shule ya sekondari, akamsikia mwalimu darasani: "Haya, tajeni wahusika wanne, mweleze na tabia zao." Akasimama pale pale, moyo ukimwenda mbio. Kumbe wahusika wanajulikana! Wanafunzi wa kidato cha pili wanawajua kwa majina, na wanapewa maksi kwa kuwataja!

Wiki hiyo polisi ilipitia maktaba zote nchini. Wahusika walikamatwa kwa mamia. Vitabu vikafungwa, kwa maana zote mbili za neno hilo, na mahabusu ikajaa hadi walevi wakakosa pa kulala. Mlezi aliambiwa wamepatikana wengi mno, ila yule mkuu bado.

*

Jumamosi hiyo hiyo, saa tisa alasiri, wasomaji wanne walikutana chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la Bi Zuwena, katikati ya majora ya kanga na kanzu zisizoshonwa. Walikutana kila mwezi. Bi Zuwena, mwenyekiti wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, aliwatumia wenzake ujumbe wa simu: "Wapendwa, leo tunamjadili mhusika mkuu. Kila mtu aje amejiandaa." Simu za nchi hiyo zilisomwa kwanza na serikali, kisha na aliyetumiwa.

Alikuwapo Mwalimu Kasanda, mstaafu wa fasihi, mwenye magoti mabovu na fimbo, ambaye ndiye aliyekileta kitabu. Alikuwapo Perusi, nesi wa zahanati ya karibu na Mto Kindi. Na alikuwapo Mwinjuma. Wenzake walimjua kuwa ndiye mwandishi wa Shukrani, wakamvumilia kwa adabu. Hakuna aliyejua kuwa riwaya iliyo mapajani mwao ni yake.

Alikuwa amekuja na tamaa moja. Alitaka kumsikia mtu akimsamehe Salimini. Alitaka kusamehewa bila kutajwa jina.

"Mimi sioni kosa lake," alianza Bi Zuwena, akimimina chai. "Ana yatima wawili nyumbani. Mlitaka afanye nini, akatwe kichwa wapwa wakaokote? Na picha ya kweli kaichora. Ipo chini pale."

"Chini pale inamsaidia nani?" Perusi akauliza.

"Itaonekana, mwanangu. Rangi itabanduka."

"Lini?"

"Kitabu hakisemi."

"Ndiyo maana namchukia." Perusi aliweka kikombe chini bila kunywa. "Angekuwa mwongo tu, ningemwelewa. Waongo wapo, tunaishi nao. Lakini huyu anataka ale kwa mfalme na asifiwe na sisi. Anapaka rangi, halafu anajipongeza kimoyomoyo kwamba kuna ukweli ameuficha chini. Mwoga aliyejipangia ushujaa wa baadaye."

"Pole pole, dada Perusi," akasema Mwalimu Kasanda, macho yakimng'aa kwa raha ya mjadala. "Hapo ndipo uzuri ulipo. Angekuwa mhusika bapa, ungemjua ukurasa wa kwanza, mwema au mbaya, basi. Huyu ni duara. Ukimwona upande huu, ana upande wa pili hujauona. Mimi namhukumu asubuhi, jioni namwonea huruma."

"Mimi sina jioni ya kumpa, Mwalimu. Samahani." Perusi alikisukuma kikombe mbali naye. "Nilipokea wale watoto wa bendi. Mmoja aliletwa bado ameshika tarumbeta, vidole havikufunguka. Na redio ya zahanati ikaanza ile Shukrani, nikasimama. Nilisimama wima na damu mikononi nikaitikia ahsante. Aliyeandika yale maneno naye bila shaka ana watoto nyumbani. Naye bila shaka ana ukweli wake kaufunika mahali."

Hakumtazama Mwinjuma aliposema hayo. Ilikuwa afadhali angemtazama.

"Kaka Mwinjuma umenyamaza sana," Bi Zuwena akasema, akitafuta pa kugeuzia maneno. "Wewe unamwonaje?"

Mwinjuma alifungua kinywa. Alikuwa na majibu mazuri, ameyaandaa kwa miezi. Yote yalikuwa ya Salimini, na yote yalinuka rangi.

"Bado nafikiri," akasema.

"Huyo mtu nikikutana naye," Perusi akaendelea, "sitamtukana. Nitamuuliza jambo moja tu. Hiyo rangi yako ya juu, itabanduka lini?"

Ndipo mlango ukapigwa teke.

*

Waliingia askari wawili wenye bunduki, na nyuma yao Inspekta Shilinde wa Kitengo cha Fasihi, kitengo kilichokuwa na umri wa siku chache. Alikuwa mtu mrefu, nguo zake zimepigwa pasi hata soksi. Kwapani alibana "Rangi ya Juu", na katikati ya kitabu pembe ya ukurasa ilikuwa imekunjwa.

"Mmemweka wapi mhusika mkuu?"

Bi Zuwena alitazama chini ya meza, kwa kuwa swali liliulizwa kwa hakika sana.

"Mnajadili habari zake hapa tangu saa tisa. Ujumbe tunao. Anaitwa Salimini. Yuko wapi?"

"Afande," akasema Mwalimu Kasanda taratibu, "Salimini yumo kitabuni."

"Alitorokea humo lini?"

"Hakutoroka. Ndimo alimozaliwa."

"Mara ya mwisho alionekana wapi?"

"Ukurasa wa mwisho, afande. Amekaa juu ya ngazi, anaitazama..."

"Basi, basi!" Inspekta akainua mkono haraka. "Sijafika huko. Nimeishia pale anapochanganya rangi." Akakohoa, akarudisha sura ya kazi. "Swali la pili. Huyu mtu ni mwema au mwovu? Jibuni kwa neno moja."

"Mwema," akasema Bi Zuwena.

"Kwa hiyo unamtetea mhusika."

"Si mwema," akasema Perusi.

"Kwa hiyo uovu wake uliujua, na kituoni hukuja."

"Ni mhusika duara, afande," akasema Mwalimu Kasanda, ambaye miaka thelathini na ushee ya ubao na chaki ilimfanya ashindwe kuacha jibu sahihi lipite. "Wahusika duara hawaelezeki kwa neno moja."

Macho ya Inspekta yakaenda polepole kutoka kiti kimoja hadi kingine. Viti vilikuwa vinne, na vilikuwa vimepangwa duara.

"Kumbe," akasema. "Wahusika duara."

"Afande, duara ni istilahi tu..."

"Hata jina la genge wanalo!" askari mmoja akasema kwa mshangao.

"Nani alimleta Salimini mtaani hapa?"

"Kitabu nilikileta mimi," akasema Mwalimu Kasanda. Alisema kwa heshima, kama mtu anayejitambulisha kwa wazazi wa wanafunzi. Hakuwa amefahamu bado.

Wengine walifahamu. Bi Zuwena alishika ukingo wa meza. Redio ndogo iliyokuwa juu ya jora la khaki ilikuwa imewashwa tangu asubuhi, kama sheria ilivyotaka, na sasa ikapaza sauti: "Wananchi, tunayo furaha kuwatangazia kwamba mhusika mkuu wa Daraja la Kindi amekwisha kamatwa! Ni ndugu nukta nukta nukta!"

Tangazo hilo alilitayarisha Mwinjuma mwenyewe, Ijumaa, kabla ya chakula cha mchana. Aliacha nukta tatu mahali pa jina, kwa sababu jina lilikuwa halijaletwa, akatoka kwenda kula.

"Mmesikia wenyewe," Inspekta akasema. "Amekwisha kamatwa. Limebaki suala la kumkamata. Simama, mzee."

"Mimi?" Mwalimu Kasanda alimtazama Bi Zuwena, kisha Perusi, kama mtu aliyeulizwa swali la somo lisilo lake. "Afande, mimi ni msomaji. Daraja lenyewe sijawahi kuliona, magoti haya hayafiki huko."

"Wewe umestaafu," Inspekta akasema, karibu kwa upole. "Hutakosekana kazini."

Askari wakamshika mabega. Fimbo ikaanguka sakafuni. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi na moja, na kila mtu chumbani alijua kitakachofanyika jua likizama, kwa sababu redio ilikuwa imekwisha taja uwanja na mpangilio wa viti.

*

Mwinjuma alikuwa bado amekaa. Tuseme ukweli: alikuwa anahesabu njia za kuendelea kukaa. Mzee ana umri. Huenda Mlezi akasamehe. Mtu akiwa hai anaweza kuandika kitabu cha pili, chenye ukweli zaidi, chini ya rangi nyingine. Alizipitia sababu hizo moja moja, akaona zote zimeandikwa vizuri, kwa mkono anaoujua.

Perusi aliinama akaiokota ile fimbo, akampa mzee. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa.

"Mwacheni," Mwinjuma akasema. Alishangaa kujiona amesimama. "Kitabu hicho nimekiandika mimi. Fundi wa Mtaani ni mimi. Salimini nimemtunga mimi, akikosa nimekosa mimi. Mwacheni mzee."

Kikombe cha Bi Zuwena kikamwaga chai. Inspekta alimgeukia, akamtazama vizuri, na uso wake ukajaa wasiwasi mkubwa.

"Wewe si yule wa Shukrani? Mheshimiwa Tungaraza?"

"Ndiye mimi."

"Basi haiwezekani. Mwanangu ameikariri Shukrani yako, anaisema hata usingizini. Wewe ni mtu mwema. Na mwandishi wa kitabu hiki ni mtu mbaya. Mtu mmoja hawezi kuwa wote wawili, mheshimiwa, nitaandika nini?"

"Andika tulivyo."

"Hakuna sheria ya namna hiyo." Alimsogelea, akashusha sauti. "Umechoka. Kazi nyingi. Kaa chini unywe chai yako, Jumatatu urudi ofisini, na mimi sikusikia neno. Huyu mzee ananitosha."

Kiti kilikuwa nyuma ya magoti yake, kinamgusa. Mwinjuma angeweza kukaa kwa kukunja miguu tu. Alimtazama Mwalimu Kasanda, na mzee yule, katikati ya askari wawili, alimtazama pia, na ajabu ni kwamba alikuwa anatabasamu. Alikuwa na furaha ya kukutana na mwandishi.

"Basi nina ombi moja," Mwinjuma akasema. "Kabla hamjamchukua, tuishukuru serikali. Niisome Shukrani ya Daraja."

Perusi alifumba macho kwa uchungu. Inspekta alipumua. Huyu ndiye Tungaraza anayemjua.

"Wima!" akaamuru.

Askari wakamwachia mzee, wakabana visigino. Inspekta akaweka mikono ubavuni, kitabu kimebanwa kwapani. Mwinjuma akafungua dirisha la barabarani, maana Shukrani husomwa dirisha likiwa wazi, akaanza.

"Sisi wananchi, kwa niaba yetu wenyewe, tunawashukuru wahusika wote wa Daraja la Kindi."

Maneno hayo yalikuwa yamesemwa nchi nzima maelfu ya mara. Huko nje watu walisimama walipokuwa. Muuza machungwa alisimama na kisu mkononi.

"Tunamshukuru mhusika wa saruji, Mkurugenzi Bwana Mang'ombe, aliyetuchagulia saruji ya bei nafuu kuliko zote."

"Ahsante!" wakaitikia askari. "Ahsante!" ikaitikia barabara.

"Tunamshukuru mhusika wa ujenzi, Mkandarasi Bwana Kidawa, ambaye kwa hekima yake alipunguza nguzo, ijapokuwa mhandisi alikataa."

"Ahsante!"

Mwinjuma alisoma polepole kuliko redio. Kila neno aliliacha lisimame peke yake, lionekane. Hakuongeza hata herufi. Alipofika kwa Mkaguzi wa Ujenzi, aliyelipitisha daraja bila kupoteza muda wa kwenda kuliona, "ahsante" ya askari mmoja ilitoka nusu. Mdomo ulibaki wazi. Alimtazama mwenzake.

Inspekta Shilinde naye alikuwa amesikia. Rangi ilimtoka usoni, jasho likaanza kushuka kando ya sikio, na hakuweza kulifuta, kwa sababu mikono hukaa ubavuni. Hakuweza kusema "nyamaza". Hakuweza kutoka. Waliowahi kuikatiza Shukrani hawakuonekana tena, na yeye mwenyewe ndiye aliyewapeleka.

"Tunamshukuru Mheshimiwa Waziri wa Madaraja, mhusika wa mipango yote, aliyempa kazi shemeji yake ili iishe haraka."

"Ahsante," ikasema barabara, na safari hii sauti ilikuwa ya chini, sauti ya watu wanaosikiliza. Watoto waliokuwa wakicheza rede waliitikia kwa nguvu, kama walivyofundishwa, kisha wakashangaa mbona wakubwa hawapigi kelele.

Ilibaki moja. Mwinjuma alilijua neno linalofuata, nao walilijua, nchi nzima ililijua kwa moyo, hata watoto wa chekechea. Alishika fremu ya dirisha.

"Na kwa namna ya pekee, tunamshukuru mhusika mkuu wa daraja hili, ambaye bila amri yake lisingejengwa wala lisingekuwa kama lilivyo. Mhusika mkuu ni Mtukufu Mlezi mwenyewe, aliyeisoma Shukrani hii, akaikubali, na kuigonga muhuri."

Hakuna aliyethubutu kuitikia, na hakuna aliyethubutu kutoitikia. Muuza machungwa alikuwa ametazama kisu chake.

"Ahsante," Perusi akasema.

Alilisema wazi, bila haraka, macho yake kwa Mwinjuma. Ndipo Bi Zuwena akasema. Akasema Mwalimu Kasanda. Kisha ikatoka barabarani, ikaenda mtaa wa pili, ikaenda sokoni, ahsante moja nzito isiyokuwa na furaha ndani yake hata chembe.

"Na tunashukuru," Mwinjuma akamalizia, "kwamba daraja limeanguka mchana, watu wakiona vizuri."

*

Shukrani ilikwisha, na Inspekta Shilinde akapata mikono yake tena. Kitu cha kwanza alichofanya nayo ni kufuta jasho. Cha pili ni kutoa pingu.

"Mwinjuma Tungaraza, nakukamata."

"Kwa kosa gani?" Perusi akauliza kwa ukali.

"Kwa kushukuru."

"Amekosea neno gani?"

Inspekta alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, kwa kiasi alichoruhusiwa. "Hakukosea hata neno moja," akasema. "Ndilo kosa lenyewe."

Mzee Kasanda walimsahau pale pale kwenye kiti, kama mtu anavyosahau mwavuli mvua ikikatika. Bi Zuwena aling'ang'ania mkono wa Mwinjuma mpaka askari wakamtoa. Perusi alimfuata hadi mlangoni. Ilionekana ana la kusema, na Mwinjuma alilisubiri kwa hofu kuliko alivyosubiri pingu. Lakini alimfunga tu kifungo cha juu cha shati, kwa kuwa kilikuwa wazi naye hakuwa na mikono.

Gari la polisi lilikuwa bovu, likaenda polepole. Kila walipopita, watu walikuwa bado wamesimama, na mahali fulani watoto walikuwa wameanza upya kutoka mwanzo: tunawashukuru wahusika wote. Hakuna askari aliyeweza kuwagusa. Ilikuwa kwenye mtaala.

Inspekta alikaa nyuma pamoja na mfungwa. Jua lilikuwa limeegemea mabati ya soko. Redio ya gari ilirudia kwamba ndugu nukta nukta nukta yuko njiani kuelekea uwanjani.

"Nikuulize," Inspekta akasema, bila kumtazama. "Ulipoandika ile Shukrani. Yale majina yote, na walichofanya, na lile neno. Ulikusudia?"

Lilikuwa swali zuri kuliko lolote ambalo Mwinjuma aliwahi kuulizwa na msomaji, na alitamani sana kusema ndiyo.

"Sijui," akasema. "Nilikuwa na haraka ya kwenda kula."

Inspekta akaitikia kwa kichwa. Akainama akazikagua pingu, akazibana kidogo zaidi, kisha akafungua kitabu pale alipokuwa amekunja ukurasa.